Je, Wajua? Korongo wa Karatasi na Mtoto Aliyelazwa

Korongo wa karatasi hahitaji gundi wala mkasi. Anahitaji karatasi moja ya mraba, mahali pa kuiegemeza na mikono yenye subira. Wajapani humpeleka kwa mgonjwa kama sisi tunavyopeleka uji na machungwa. Dunia imemjua ndege huyu kupitia mtoto mmoja wa Hiroshima, Sadako Sasaki, aliyemkunja mwaka 1955 akiugua saratani ya damu. Kisa chake kimesimuliwa sana, na katika kusimuliwa huko kimepindwa mahali penye uzito kuliko pote. Haya ni mambo ambayo wengi hawajayasikia kuhusu mtoto huyo, kuhusu ndege huyo, na kuhusu kazi ambayo karatasi iliyokunjwa imeifanya kando ya vitanda vya watoto wagonjwa.

Je, wajua kwamba siku ya bomu Sadako alionekana hajaumia popote?

Alizaliwa tarehe 7 Januari 1943, binti wa kinyozi. Bomu la atomiki lilipolipuka juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, alikuwa na miaka miwili na miezi saba. Nyumba yao ilikuwa kiasi cha kilomita 1.6 kutoka mahali pa mlipuko. Nguvu ya mlipuko ilimrusha nje ya nyumba, lakini mama yake alimkuta mzima. Wakakimbilia mtoni: mama, bibi, Sadako na kaka yake Masahiro. Bibi aligeuka kurudi nyumbani kuchukua kitu, na hawakumwona tena akiwa hai. Waliobaki wakanyeshewa na mvua nyeusi, matone mazito yaliyobeba masizi na vumbi lenye mionzi.

Miaka tisa ikapita na mtoto akakua vizuri. Shuleni alijulikana kwa mbio. Darasa lake lilimtegemea katika mbio za kupokezana vijiti. Novemba 1954 akatokwa na uvimbe shingoni na nyuma ya masikio. Januari iliyofuata uso ukavimba, na miguuni yakajitokeza madoa ya zambarau. Februari 1955 akalazwa katika Hospitali ya Msalaba Mwekundu ya Hiroshima, na daktari akamweleza baba yake kwamba binti hangepita mwaka mmoja.

Mionzi hufanya hivyo. Huweza kupita mwilini bila kuacha kidonda, ikagusa uboho, yaani ile nyama laini ya ndani ya mfupa ambako damu hutengenezwa. Miongoni mwa walionusurika Hiroshima na Nagasaki, saratani ya damu ndiyo iliyotangulia saratani nyingine zote kuongezeka. Madaktari waliiona ikipanda katika miaka michache ya mwanzo, na waliokuwa watoto siku ya bomu ndio walioathirika zaidi. Wazazi wa Hiroshima waliupa ugonjwa huo jina lao: ugonjwa wa bomu la atomiki. Sheria ya kuwagharamia matibabu walionusurika haikupatikana Japani hadi mwaka 1957. Familia ya Sadako ililipa kwa mapato ya kinyozi.

Je, wajua kwamba aliificha hesabu ya damu yake?

Hakuna aliyemtajia jina la ugonjwa wake. Watu wazima walidhani wamefaulu kumficha. Lakini kati ya vitu alivyoacha ilipatikana karatasi yenye mwandiko wake, ambamo alikuwa akinakili kwa siri matokeo ya vipimo: idadi ya chembe nyeupe, idadi ya chembe nyekundu, tarehe moja baada ya nyingine. Karatasi hiyo imehifadhiwa Hiroshima. Mtoto wa miaka 12 alikuwa akifuatilia tarakimu zake mwenyewe, na hakumsemesha mama yake hata neno moja kuzihusu.

Naliona jambo hili kuwa zito kuliko korongo wote. Linatuonyesha kwamba hakukunja karatasi kwa sababu alikuwa haelewi. Alikuwa anaelewa, na akakunja.

Agosti 1955 wanafunzi kutoka Nagoya waliwatumia wagonjwa wa hospitali hiyo korongo wa karatasi za rangi. Ndipo Sadako aliposikia, au alipokumbushwa, imani ya kale kwamba anayekunja korongo elfu moja hupata anachokitamani. Alikuwa akilala chumba kimoja na msichana mwingine aliyemzidi umri kidogo, nao wakaanza kukunja pamoja.

Karatasi zilikuwa adimu. Waliokota zile zilizofungiwa dawa za unga, wakaenda chumba hadi chumba kuomba karatasi za zawadi walizoletewa wagonjwa wengine. Karatasi ya dawa ni ndogo, na korongo anayetoka humo ni mdogo zaidi, mara nyingi hazidi upana wa ukucha. Vidole haviwezi kuupinda mdomo wa ndege wa namna hiyo. Sadako alitumia sindano. Baadhi ya korongo wake waliohifadhiwa hadi leo ni wadogo kiasi kwamba mtazamaji hulazimika kuinama juu ya kioo ndipo auone mkunjo wa shingo. Ni ndege aliyekunjwa na mtoto mwenye homa, mwenye damu pungufu, ambaye siku nyingine hata kukaa kitandani kulikuwa kazi.

Je, wajua kwamba alifikisha elfu moja?

Hapa ndipo kisa kilipopindwa. Mwaka 1977 mwandishi Eleanor Coerr, aliyeishi Marekani, alitoa kitabu cha watoto kilichomfanya Sadako ajulikane pande zote za dunia. Ndani ya kitabu hicho Sadako anakunja korongo 644, anakufa, na wanafunzi wenzake wanakunja 356 waliobaki ili elfu itimie. Mamilioni ya watoto wamekisoma hivyo shuleni, nao wamekuwa wazee wakiwasimulia wajukuu hivyohivyo.

Kumbukumbu za Hiroshima na ushuhuda wa familia vinasema vingine. Elfu moja ilitimia kabla Agosti haijaisha, katika muda usiofika mwezi. Akaendelea. Kaka yake amesema mara nyingi kwamba walizidi 1,300. Alikunja hadi Oktoba, na karatasi zilivyozidi kuwa haba ndivyo korongo walivyozidi kuwa wadogo.

Tofauti hii ina maana kubwa. Katika kisa cha 644 kifo kinamkatiza mtoto katikati ya ahadi, na msomaji anabaki akijiuliza ingekuwaje angefikisha. Katika kisa cha kweli alifikisha, hakupona, na bado akachukua karatasi nyingine. Kama kukunja kungekuwa biashara tu kati yake na bahati, angeacha siku ile ya elfu. Mtoto aliyelazwa hufanyiwa kila kitu na watu wengine: huchomwa, hupimwa, huambiwa ageuke, huambiwa ameze. Korongo alikuwa kitu ambacho Sadako alikifanya mwenyewe, akakianza alipotaka na kukimaliza kikiwa kizima. Yeyote aliyewahi kukesha wodini na mtoto anajua siku ya hospitali ilivyo ndefu, na kitu cha kufanya kwa mikono kinavyobadilisha uso wa mgonjwa.

Asubuhi ya tarehe 25 Oktoba 1955 aliomba wali uliomwagiwa chai, chakula cha kawaida cha nyumbani Japani. Akala vijiko viwili vitatu, akasema ni mtamu. Alifariki siku hiyo, familia ikiwa imemzunguka.

Je, wajua kwamba bomu hilo lina asili yake katika ardhi ya wasemaji wa Kiswahili wa Katanga?

Bomu lililoangushwa Hiroshima lilikuwa na takriban kilo 64 za urani. Sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumika katika mradi wa Marekani wa kutengeneza mabomu ilitoka Shinkolobwe, machimbo yaliyo karibu na Likasi, huko Katanga, Kongo, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya migodini na sokoni. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa tajiri ajabu: mengine yalikuwa na urani kwa asilimia 65, ilhali machimbo ya kwingineko yalihangaika na mawe yasiyofika hata asilimia moja. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo mwaka 1940 hadi Staten Island, New York, yakakaa ghalani. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua.

Wachimbaji wa Kikongo waliyachambua na kuyabeba kwa mikono, bila kuambiwa ni kitu gani wala kinaenda wapi. Tunapomtaja Sadako tumezoea kuwataja Wajapani na Wamarekani pekee. Watu wa Katanga nao wamo ndani ya kisa hiki, na hawajapewa nafasi yao.

Je, wajua kwamba sanamu ya Sadako ilijengwa kwa fedha za watoto?

Wanafunzi wa darasa lake waliumia kwamba hawakumtembelea vya kutosha. Kijana mmoja wa mjini, Ichiro Kawamoto, akawapa wazo: wajenge mnara kwa ajili ya watoto wote waliouawa na bomu. Novemba 1955 walimu wakuu wa nchi nzima walikuwa wakikutana Hiroshima. Watoto wakachapisha vikaratasi 2,000 vya maombi, wakasimama nje ya ukumbi kuwagawia. Walimu wakavibeba hadi mikoani kwao, na sarafu zikaanza kumiminika. Zaidi ya shule 3,100 zilichangia, za Japani na za nchi nyingine tisa.

Mnara wa Amani wa Watoto ulizinduliwa tarehe 5 Mei 1958, Siku ya Watoto huko Japani. Una kimo cha mita 9, kazi ya mchongaji Kazuo Kikuchi, na juu yake amesimama msichana aliyeinua korongo. Ndani yake ilining'inizwa kengele iliyotolewa na Hideki Yukawa, Mjapani wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel, aliyoipokea mwaka 1949 kwa kazi yake ya fizikia ya kiini cha atomu. Hilo hunifanya nisimame kila ninapolifikiria. Mwanasayansi wa atomu ndiye aliyewapa watoto kengele ya kugonga.

Kila mwaka watu hupeleka mahali hapo korongo wapatao milioni 10. Uzito wao hufika tani 10. Kwa muda mrefu mji ulikuwa ukiwahifadhi wote maghalani, mpaka nafasi ikawa shida. Siku hizi karatasi hizo hurejelezwa, zikatoka madaftari, kadi na pepeo za mkono. Mwaka 2003 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliwachoma moto korongo wapatao 140,000. Habari ilipoenea, watu wa kila rika wakaanza kukunja wengine na kuwatuma Hiroshima.

Marekani nako kulikuwa na sanamu ya Sadako, katika bustani ndogo ya amani mjini Seattle. Aliyeisimamia ni Floyd Schmoe, Mkristo wa madhehebu ya Quaker ambaye baada ya vita alikwenda Hiroshima kujenga nyumba za waliopoteza makazi. Hiroshima ilimpa tuzo mwaka 1988, naye fedha akazitumia kusafisha kiwanja kilichojaa takataka. Sanamu ikasimamishwa mwaka 1990. Julai 2024 wezi waliikata vifundoni, wakaondoka na shaba, wakaacha nyayo.

Masahiro, yule kaka, amekuwa akitoa korongo wachache waliobaki kwa familia. Mmoja alipelekwa New York mwaka 2007, katika kituo cha kumbukumbu ya mashambulizi ya Septemba 11. Mwingine yupo Pearl Harbor, mahali Japani ilipoishambulia Marekani mwaka 1941. Mwingine alipewa maktaba ya Rais Harry Truman, aliyeidhinisha bomu, na mjukuu wa Truman mwenyewe alihusika katika makabidhiano.

Je, wajua kuna kitabu cha mwaka 1797 kinachofundisha kukunja korongo 97 kutoka karatasi moja?

Kilichapwa Kyoto, na mitindo yake 49 ilibuniwa na mtawa wa Kibudha. Karatasi moja hukatwa mistari kwa uangalifu bila kutenganishwa, kisha kila mraba hukunjwa korongo, na korongo wote hubaki wameshikana kwa ncha ya bawa au mdomo. Mtindo mkubwa kuliko yote kitabuni una korongo 97. Ukikosea mkunjo mmoja karatasi ikachanika, umeharibu kundi zima.

Wajapani wa kale walisema korongo huishi miaka elfu na kobe miaka elfu kumi. Korongo halisi wa huko, mweupe mwenye utosi mwekundu, huishi miongo michache tu, lakini anatembea na mwenzi wake mwaka hadi mwaka, na wanapocheza thelujini hawasahauliki. Sisi tunaye ndugu yake, korongo taji, aliye katikati ya bendera ya Uganda.

Kundi la elfu moja huwa na mpangilio wake: nyuzi 25, kila uzi korongo 40, zikafungwa pamoja juu zikaning'inia kama mkufu mzito wa rangi. Mtu mmoja mara chache huwakunja wote. Darasa zima hukaa, timu ya mpira hukaa, wafanyakazi wa ofisi hukunja wawili watatu wakati wa chakula cha mchana, na mgonjwa hupokea saa za watu wengi zikiwa zimetungwa uzini. Ua lililopandwa kwenye chungu, kwa upande mwingine, Wajapani hawampelekei mgonjwa. Lina mizizi, nao hawataki mtu aote mizizi kitandani.

Ni kweli pia kwamba zawadi hii huweza kupotea njia. Baada ya matetemeko ya ardhi, waathirika huko Japani wamewahi kuletewa marundo ya korongo wakati walichohitaji ni maji, blanketi na vyoo. Wajapani wenyewe wameanza kuambizana kwamba kabla ya kutuma korongo, uliza kwanza.

Je, wajua kwamba origami, yaani sanaa ya kukunja karatasi, ilishika mizizi Marekani baada ya mtoto kuugua uti wa mgongo?

Wengi wanadhani ilipelekwa na askari waliotoka Japani vitani. Mwanzo wake kwa Lillian Oppenheimer wa New York ulikuwa hospitalini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 binti yake Molly alilazwa akiwa na homa ya uti wa mgongo, ugonjwa uliokuwa ukiua watoto wengi kabla ya dawa za kuua bakteria. Siku hizo za kungoja ndizo zilizomkutanisha Lillian na kitabu cha Murray na Rigney cha mwaka 1928, chenye ndege anayepiga mabawa ukimvuta mkia. Alijifunza ndege huyo, akamfanya apige mabawa, kisha maisha yakasonga na karatasi ikasahaulika. Molly alipona.

Miaka mingi baadaye hamu ilimrudia. Mwaka 1958, mwaka uleule wa mnara wa Hiroshima, akaanzisha kituo cha origami mjini New York akiwa na umri wa kuwa nyanya. Alikunja barabarani, kwenye basi, mbele ya kamera za televisheni, akiwafundisha watu asiowajua. Alifariki mwaka 1992. Wanawe watatu wa kiume, William, Martin na Joseph Kruskal, walikuwa wanahisabati wakubwa. Anayesoma kompyuta chuoni hukutana na jina la Joseph katika mbinu ya kutafuta njia fupi ya kuunganisha vituo vyote vya mtandao.

Je, wajua kwamba dawa ya saratani ya damu ya watoto imo kwenye ua la uwanjani kwenu?

Sadako aliugua wakati mbaya. Mwaka 1948 daktari Sidney Farber wa Boston alikuwa ametangaza kwamba kati ya watoto 16 waliokuwa wakifa kwa saratani ya damu, 10 walipata nafuu kwa dawa mpya ya kuzuia kazi ya asidi ya foliki mwilini. Kabla yake, daktari alikuwa hana la kumpa mtoto wa namna hiyo zaidi ya damu na maneno. Nafuu ilidumu miezi, kisha ugonjwa ukarudi. Mwaka 1953 ikaidhinishwa dawa nyingine, iliyobuniwa na Gertrude Elion na George Hitchings. Nayo peke yake haikutosha.

Kilichokosekana kilikuwa kuzichanganya. Hospitali ya St. Jude ya Memphis, iliyofunguliwa mwaka 1962 chini ya daktari Donald Pinkel, ilizitumia dawa kadhaa kwa pamoja na kuufuata ugonjwa hadi ulikojificha, kwenye ubongo na uti wa mgongo. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970, nusu ya watoto waliotibiwa huko kwa aina ya saratani ya damu inayowapata watoto zaidi walikuwa wakipona. Leo katika nchi tajiri hupona watoto tisa kati ya kumi wa aina hiyo.

Moja ya dawa zinazochanganywa hadi leo, vinkristini, inatokana na mmea wa Madagascar wenye maua madogo ya rangi ya waridi au meupe yenye petali tano. Pwani yetu unaota hadi kwenye nyufa za ukuta, na watu wameupanda mbele ya nyumba bila kujua unachobeba. Watafiti wa Kanada walipelekewa majani yake kutoka Jamaika, ambako yalitumika kama chai ya kisukari. Sukari haikushuka walivyotarajia, lakini waliona chembe nyeupe za damu za wanyama wa maabara zikipungua. Usiyachemshe majani hayo nyumbani: yana sumu, na dawa hupatikana baada ya kusafishwa kiwandani na kupimwa kwa miligramu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona; katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilitangaza lengo la angalau asilimia 60 kila mahali ifikapo mwaka 2030. Sehemu kubwa ya pengo inatokana na kuchelewa kutambuliwa, dawa kukatika, na familia kuacha matibabu kwa sababu ya nauli na chakula. Uvimbe wa shingo usiopungua, madoa ya zambarau bila kugongwa, homa inayorudi, mtoto kupauka na kuchoka: baadhi ya hizo zilikuwa dalili za Sadako, na kipimo cha kawaida cha picha nzima ya damu ndicho kinachoanza kufichua.

Je, wajua karatasi iliyokunjwa imeingia maabara?

Mwaka 2014 Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walieleza hadubini inayokunjwa kutoka karatasi moja ngumu, yenye lenzi ndogo kama punje, iliyogharimu chini ya dola moja. Humkuzia mtazamaji kitu mara 140 au zaidi. Mwaka 2016 wahandisi wa chuo cha MIT walionyesha roboti iliyokunjwa kwa mtindo wa origami, iliyotengenezwa kwa utumbo mkavu wa nguruwe na kugandishwa ndani ya kidonge cha barafu. Barafu ikiyeyuka tumboni roboti hukunjuka, na daktari huisukuma kwa sumaku kutoka nje. Waliijaribu kwenye tumbo la kuigiza lenye betri ya kitufe ndani yake, ile betri bapa ya saa na rimoti ambayo watoto humeza, na ambayo ikikwama kooni huweza kuunguza kwa saa mbili tu.

Je, wajua kwa nini korongo huingia mahali ambapo ua halisi hukatazwa?

Matibabu ya saratani ya damu ya watoto huchukua miaka miwili hadi mitatu. Katika vipindi vingi vya matibabu hayo chembe nyeupe za damu hushuka mno, na mtoto hubaki karibu bila kinga. Maua mabichi na udongo wa chungu hubeba kuvu ambao mtu mwenye afya hausikii lakini huweza kumuua mtoto huyo, kwa hiyo wodi nyingi za saratani huyazuia mlangoni. Karatasi safi hupita. Haitaki umeme, haina kelele, hufanyika hata mkono mmoja ukiwa na sindano ya dripu, mradi kuna wa kushika upande wa pili.

Kama una mtoto wa kumtembelea, ulizia kwanza kwa muuguzi. Nawa mikono, tumia karatasi mpya. Kunja pembe kwa pembe, fungua, kunja nusu kwa nusu, fungua; mistari hiyo ndiyo itakayokuongoza hadi upate umbo la almasi lenye miguu miwili chini. Punguza upana wa miguu, ipinde juu, mmoja uwe shingo na mwingine mkia, kisha vunja ncha ya shingo ipate mdomo. Kwa kawaida korongo humaliziwa kwa kupulizwa kupitia tundu dogo chini ya tumbo. Huyu wa wodini usimpulize. Vuta mabawa yake taratibu, tumbo litajaa lenyewe. Na katika mfuko utakaopeleka, karatasi tupu ziwe nyingi kuliko korongo.